Haga wa Leo na Manju Arobaini na Moja

Ijumaa hiyo Mama Tamaki wa mapokezi alikuwa amenuna, na Mama Tamaki akinuna klabu nzima ya mpira ya Kamoshika hujua. Simu ya kwanza aliiacha ilie mpaka ikachoka. Ya pili aliijibu kwa "Ndiyo" moja kavu, akakata. Bi Niwa Setsuko alipoingia saa mbili asubuhi, akavua viatu na kuvigeuza pua zitazame mlango, alimkuta amelikodolea macho sanduku tupu la karatasi juu ya kaunta.

"Umeibiwa?" aliuliza Bi Niwa.

"Afadhali ningeibiwa! Wamekula wote, mama. Wachezaji, makocha, daktari, hadi mkata nyasi. Manju za duka la Matsunoya, vimaandazi laini, maharage matamu yamejaa tumboni. Mimi niliyelipokea sanduku, nikalifungua, nikazigawa kwa mkono wangu huu huu, nimebaki kunusa karatasi."

"Zilikuwa ngapi?"

"Arobaini na moja. Nimehesabu mara mbili nikidhani yangu imejificha."

Bi Niwa alitoa daftari. Miaka thelathini na moja alikuwa polisi wa mkoa, mingi kati ya hiyo kwenye dawati la wizi na vitu vilivyopotea. Sasa alikuwa mstaafu, akifanya uchunguzi mdogo mdogo kwa niaba ya wakili wa klabu. Mpira hakuujua. Alijua tu kwamba kipa ndiye anayeruhusiwa kushika kwa mikono, na hilo lilimtosha.

"Nani kalileta?"

"Nimelikuta mlangoni saa moja na nusu, na hiki kikaratasi."

Kiliandikwa kwa kalamu ya brashi, mwandiko mzuri wa kutulia: *Nimewasumbua sana. Naombeni radhi. Tafadhali mgawane. Haga wa Leo.*

Bi Niwa alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amekamata watu waliokimbia, waliolia na waliojificha kabatini. Mshukiwa aliyeleta vitafunio alikuwa hajamwona bado.

Meneja mkuu, Bwana Osanai, alikuwa akimsubiri ghorofani. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo: kalamu zake zilipangwa kwa urefu, na hata huzuni yake aliipanga kwa hatua.

"Haga wa Leo ni jina la akaunti ya mtandaoni," alianza. "Ina umri wa miaka miwili. Wafuasi laki sita na elfu kumi na mbili."

"Mji huu una watu wangapi?"

"Laki moja na tisini elfu. Na akaunti rasmi ya klabu, yenye mpiga picha tuliyemwajiri, ina wafuasi elfu thelathini na nane." Alivua miwani, akaifuta. "Na yote hayo kwa ajili ya kipa wa akiba, Bi Niwa! Haga Tomonori, miaka thelathini na sita, jezi namba thelathini na moja. Hajacheza mechi ya ligi kwa miaka minne."

Alimsogezea rundo la karatasi zilizochapwa. Bi Niwa alisoma ya juu. *Leo Haga ameokota mipira ishirini na miwili. Mmoja ulikuwa na tope. Ameufuta kwa fulana yake, akauweka juu ya mingine.* Chini yake kulikuwa na picha ya mgongo mpana ulioinama. Ya pili: *Leo mpira umempiga Haga kisogoni. Ameugeukia, akauambia samahani.*

"Basi?"

"Basi. Kila siku ni hivyo. Kuna nesi Osaka anasema hawezi kuanza zamu kabla hajasoma. Kuna watu Brazili wanatafsiri. Tulichapisha taulo zenye picha ya ule mgongo, zikaisha siku moja. Watu wanapanda treni mwendo wa saa nne kuja kumtazama akibeba chupa za maji." Osanai alirudisha miwani usoni. "Sasa soma hii. Jumatano tulifunga mazoezi. Tulizungushia uzio wote turubai za bluu, mashabiki wakaondoka kwa adabu zao. Mukai, kipa wetu namba moja, kaumia paja. Alikuwa kakaa benchi na barafu. Ilikuwa siri ya watu wa uwanjani tu. Saa saba mchana hii ikatoka."

*Leo sauti ya Haga imetoka goli la kaskazini, kule wanakofanyia mazoezi wachezaji wakubwa. Ameita "Yangu!" mara kumi na tisa. Sauti ya Mukai sijaisikia. Koo la Haga litauma kesho, apewe asali.*

"Jana ilikuwa kwenye kila gazeti," alisema Osanai. "Kesho ni mechi ya mwisho. Tukifungwa tunashuka daraja. Wapinzani wameshajua golini atasimama mtu ambaye hajacheza miaka minne."

"Na unamshuku yeye mwenyewe."

"Watu wa uwanjani ni arobaini na moja. Manju ni arobaini na moja. Aliyeleta anatujua mpaka idadi. Halafu kabla ya mazoezi ya siri kila mtu huweka simu yake kikapuni. Jumatano zilikuwa arobaini. Iliyokosekana ni ya Haga." Alitazama saa ya ukutani. "Basi la kwenda hotelini linaondoka saa kumi na moja jioni. Kama ni yeye, hapandi. Mkataba unavunjwa leo hii hii, na tangazo linatoka na jina lake."

"Kama si yeye?"

"Niletee ambaye ni yeye."

Bi Niwa alianzia kwa mtunza vifaa, kwa sababu mtunza vifaa huona kila kitu na hakuna anayemwona. Bwana Dobashi alikuwa chumba cha jezi, amezungukwa na mashine tatu za kufulia, anakunja soksi. Alipomwona mgeni aliutelezesha mkono chini ya rundo la soksi na kuuacha huko.

"Nipe simu, Bwana Dobashi."

"Bi Niwa, mimi nina watoto."

"Hata mimi ninao. Nipe."

Aliitoa ikiwa na joto la kiganja. Jasho lilikuwa linamtoka mpaka kwenye masikio. Bi Niwa aliifungua, na kweli kulikuwa na akaunti yenye picha ya glavu za kipa. Alisoma jina lake, akamtazama Dobashi.

"Haga wa Kesho?"

"Nilikuwa natabiri," Dobashi alinong'ona. "'Kesho Haga ataokota mipira.' Nilidhani watu watapenda."

"Wafuasi kumi na mmoja."

"Mmoja ni mama yangu. Mwingine ni mimi mwenyewe."

Bi Niwa aliuma mdomo asicheke. Posti ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa tano. *Kesho Haga ataokota mipira tena.* Hakuna hata mmoja aliyeipenda, hata mama mtu.

"Kwa nini ulifanya hivi?"

"Kwa sababu nampenda yule mtu!" Dobashi alitupa soksi chini, kisha akaiokota haraka. "Miaka tisa niko hapa. Wote wananitupia soksi zao zimejikunja hivi, zimeloa, zinanuka. Yeye anazinyoosha, anazigeuza upande wa nje, ananiwekea mkononi na kusema asante. Kila siku! Si kwamba anaigiza, hapa ndani hamna kamera. Nikaona wivu kwamba kuna mtu anamwandika vizuri kuliko mimi."

"Huyo mtu ni nani?"

"Ningemjua ningemwomba anifundishe. Lakini nakwambia kitu kimoja, Bi Niwa. Huyo hajawahi kuingia humu. Haga anaimba bafuni. Kila siku, kwa sauti, na anaimba vibaya, jamani, vibaya kabisa! Daktari huziba masikio. Mtu wa ndani, miaka miwili, ataachaje kuandika hilo?"

Bi Niwa aliandika *bafuni*, akapigia mstari. Akamrudishia simu yake.

Haga mwenyewe alimkuta nje, kwenye bomba la kuoshea viatu vya mpira. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama hata pasipo na dari, na alipoambiwa jina la mgeni aliinama zaidi, maji yakimchuruzika kwenye viwiko. Juu ya ukingo wa sinki kulikuwa na manju moja, imelazwa juu ya kitambaa safi, haijaguswa.

"Simu yako, tafadhali."

Haga alijifuta mikono, akachomoa mfukoni simu ya kukunja, ya zamani, yenye vitufe, rangi imechubuka. "Haina mtandao," alisema kwa aibu. "Kikapuni niliona haya kuiweka. Wenzangu wanacheka."

"Wewe hujawahi kuisoma hiyo akaunti?"

"Mke wangu hunisomea tukila jioni. Mimi nafunika uso."

"Yeye ndiye mwandishi?"

"Anafundisha kuogelea kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Yumo ndani ya maji."

Bi Niwa aliitazama manju. "Mbona hujala?"

"Nitakula baadaye."

"Wenzako walizimaliza wakiwa wamesimama. Wewe umeitandikia kitambaa. Unamjua aliyeleta."

Haga alichukua kiatu cha pili, akaanza kukisugua, na kilikuwa tayari kisafi. "Andika kwamba sijui, Bi Niwa."

"Nikiandika hivyo, jioni hupandi basi. Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Umeingoja mechi hii miaka minne."

"Minne na miezi miwili," alisema Haga.

"Na bado hujui?"

"Bado sijui. Samahani sana."

Huyo sasa! Bi Niwa alishahoji watu waliodanganya ili waokoke, lakini huyu alikuwa anadanganya ili azame, na alikuwa hajui kudanganya hata kidogo. Alimwonea huruma mpaka akakasirika.

Alijifungia chumba cha mikutano, akavua koti, akazitandaza posti zote mia tano na kitu sakafuni, kisha akapiga magoti katikati yake. Hii ndiyo kazi aliyoijua. Kwanza alizipanga kwa siku. Jumatatu hadi Jumamosi zilijaa. Jumapili hapakuwa na hata moja, wala ya siku ya mechi kubwa, wala ya siku timu iliposherehekewa mjini. Halafu akazipanga kwa saa. Hakuna iliyotoka kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna iliyotoka baada ya saa tisa na nusu. Mchezaji au mke wa mchezaji angeandika hata akiwa kitandani. Huyu alikuwa na saa za kufika na saa za kuondoka.

Mwisho alitenga siku za mazoezi ya siri. Zilikuwa thelathini na saba. Alizisoma zote, akaketi juu ya visigino vyake, akazisoma upya moja moja, kwa sauti.

*Leo Haga amepiga chafya tatu. Ya tatu imemkata kocha maneno.*

*Leo nyasi zimekatwa, zinanukia hadi huku. Haga amecheka mara moja, kwa ghafla, kisha akaomba radhi.*

*Leo Haga anakimbia karibu na uzio. Pumzi yake ni nzito kuliko mwezi uliopita.*

Hakuna picha. Hakuna rangi ya jezi, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyenyoosha mkono. Katika siku thelathini na saba za turubai, mwandishi hakuwa ameona chochote. Alikuwa amesikia na kunusa tu. Hata ile ya Jumatano, iliyomchoma roho Osanai, ilikuwa ni sauti tupu, moja iliyotoka kaskazini na nyingine iliyokosekana.

"Mama Tamaki!" aliita mlangoni. "Nyinyi wa ofisini mko wangapi?"

"Sita! Na wote sita hatujala!"

"Mnaingilia wapi asubuhi?"

"Mlango wa barabarani, ulioingilia wewe. Uwanjani sisi tufuate nini, tukapigwe mipira?"

Hapo mambo yalikaa sawa. Mtu wa ndani, akiwa ameikosea klabu na anataka kuomba radhi, anaanza na nani? Anaanza na mapokezi! Anajua kwamba sanduku litapita mikononi mwa Mama Tamaki, na kumruka Mama Tamaki ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Aliyenunua manju arobaini na moja hakutaka kumnyima mtu, maana kahesabu mpaka mkata nyasi. Alikuwa tu hajui kwamba ghorofani kuna ofisi. Aliwajua wale wanaotoka kwenye nyasi, kwa sababu ndio aliowaona siku turubai zikiwa zimeshushwa.

Siku hiyo turubai zilikuwa zimefungwa tena. Bi Niwa aliuzunguka uzio kwa nje, mikono mfukoni, upepo wa bahari wa mwezi wa kumi na moja ukimkata mashavu. Kaskazini kulikuwa na mto. Mashariki ilipita barabara kuu, na kwa kelele za malori usingesikia hata chafya ya tembo. Magharibi yalikuwa maegesho matupu. Kusini, hatua ishirini tu kutoka kwenye uzio, ilisimama nyumba ya ghorofa moja yenye veranda ndefu juu, aproni za njano zimeanikwa kwenye mti wa kuanikia, na basi dogo limeegeshwa kando. Kibao kilisema Himawari, kituo cha wazee cha mchana, saa nne hadi saa tisa na nusu, Jumapili tunafunga.

Alisimama pale akasikiliza. Nyuma ya turubai sauti nene iliita, "Yangu!" Ilisikika wazi kama imeitiwa chumbani.

Mhudumu alimpa ndara za ndani, akampandisha juu. Wazee kumi na watatu walikuwa wanakunywa chai. Wawili walikuwa wanagombana juu ya dirisha, mmoja anataka lifunguliwe, mwenzake anataka lifungwe. Mwishoni kabisa, kiti kimegeuzwa kuelekea verandani, alikaa bibi mdogo mwembamba mwenye simu iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa anaitazama turubai ya bluu, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio la kulia. Mhudumu alisema anaitwa Bi Kosugi Fumie, ana miaka themanini na minne, na kabla ya kustaafu alikuwa mwunganishaji wa simu katika posta kuu.

"Shikamoo, bibi," alisema Bi Niwa, akapiga magoti kando ya kiti.

"Marahaba. Wewe unatoka kule." Alionyesha uzio kwa kidevu. Mikono yake ilikuwa inapindapinda kamba ya simu. Akajizuia, akajizuia, akashindwa. "Manju zilitosha?"

Bi Niwa alikuwa ameandaa maswali saba. Aliyaacha yote. "Hazikutosha, bibi. Watu sita wamekosa. Wa ofisini."

Bi Kosugi alishika mdomo. "Kuna ofisi?"

"Ipo, ghorofani."

"Yarabi! Kuna ofisi! Nimewahesabu mmoja mmoja, nikamtuma mhudumu hadi dukani, nikamwambia asipungukiwe hata mmoja, kumbe nimewaruka watu sita! Watanionaje?" Aligeuka huku na huku akitafuta mkoba wake. "Nipe majina yao. Nakwenda Matsunoya sasa hivi."

"Bibi, tulia kwanza. Nieleze ilivyoanza."

Ilianza kwa darasa la simu, alisema. Miaka miwili iliyopita alikuwa mgeni pale, mume wake amefariki, haongei na mtu. Mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike kitu kimoja alichokiona siku hiyo. "Wenzangu waliandika maua. Mimi nilichokiona kilikuwa yeye. Wote walikuwa wameshaingia ndani, yeye kabaki peke yake na mvua, anaokota mipira ya wenzake, na haoni uchungu. Nikasema, huyu mtu anafanya kazi yake. Siku ya pili nikamtafuta tena. Nikaanza kuamka asubuhi nina haraka ya kuja."

"Ukajua kwamba watu laki sita wanakusoma?"

"Niliiona ile namba. Nilidhani ni ya simu."

Bi Niwa alicheka, na yule bibi akacheka naye, kisha akaacha ghafla. "Jana mhudumu kanisomea gazeti. Mwanangu, mimi sikujua kama turubai ni za siri. Nilidhani ni za upepo. Ningejua ningeziba masikio. Nimeharibu?"

Ilibidi aambiwe. Bi Niwa alimweleza taratibu, moja baada ya jingine: meneja anamshuku nani, basi linaondoka saa ngapi, na Haga kajibu nini.

"Ananijua," alisema Bi Kosugi. "Mwaka jana mpira uliruka uzio, akaja kuufuata. Nilikuwa bustanini. Nikamwambia asiwe anaiomba mipira samahani kila mara, haisikii. Alinitazama muda mrefu, akainama, akaondoka. Kwa nini hasemi ni mimi?"

"Ukitajwa, bibi, kesho asubuhi hapa chini watajaa watu na kamera. Wenzako hawatapata hata pa kupita."

"Kwa hiyo anakubali kufukuzwa ili sisi tunywe chai kwa utulivu?"

"Nadhani ndivyo."

Macho ya Bi Kosugi yalijaa. "Mjinga yule," alisema. "Mjinga mzuri." Akashika mkono wa kiti, akasimama. "Mhudumu! Niletee koti langu. Lile la harusini."

Saa tisa na robo walikuwa wanne ofisini kwa Osanai. Bi Kosugi alikataa kiti. Aliinama mpaka nywele zake nyeupe zikakaribia meza, akabaki hapo hapo, na ilibidi Osanai aruke kutoka upande wa pili kuja kumwinua.

"Ni mimi," alisema. "Nimesikia nisichopaswa kusikia, nikaandika. Huyu kijana hana kosa lolote. Na wale sita wa ofisini nitawaletea zao kesho asubuhi."

Haga alikuwa amesimama mlangoni, masikio yamemwiva. "Bibi, ulikuwa huna haja ya kuja."

"Nyamaza wewe! Umeshaongea uongo wa kutosha leo."

Bi Niwa aliweka ripoti yake mezani. Ilikuwa ukurasa mmoja. Osanai aliisoma hadi chini, akarudi juu. "Hapa umeandika, 'Habari haikutoka kwa mwajiriwa wala mchezaji. Mtu aliyekuwa nje ya uzio aliisikia kwa masikio yake.' Jina liko wapi?"

"Uliniuliza kama ni Haga. Si Haga."

"Nilisema uniletee mhusika."

"Nimekuletea. Huyo hapo mbele yako. Kumwandika hukuniambia."

Bi Kosugi alikuwa ameshaivua simu shingoni. "Naifuta hii akaunti sasa hivi, mbele yenu, tuishie hapa. Mwanangu, ni kitufe gani?" Kidole chake chembamba kilikuwa juu ya kioo. "Nianze na hii ya mwezi wa tatu. 'Leo theluji imeanguka uwanjani. Haga amechora...'"

"'...amechora mstari wa goli kwa kisigino, ili asipotee,'" alimalizia Osanai.

Bwana Osanai alizitazama kalamu zake, moja baada ya nyingine, uso umekuwa mwekundu kuliko masikio ya Haga.

"Usiguse kitufe, mama," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Mke wangu na mimi tunaisoma kila siku. Mwaka huu umekuwa mgumu. Siku nyingine ndicho kitu pekee kinachonicheka... kinachonichekesha." Akakohoa, akavuta karatasi ya kikosi, akaandika namba thelathini na moja kwenye mstari wa kwanza, na akaiandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa. "Siku za turubai, ziba masikio. Nyingine endelea. Haga, una basi la kupanda. Unangoja nini hapo?"

Haga hakusogea. Aliinamia Osanai, akamwinamia Bi Niwa, na alipomfikia Bi Kosugi akapiga magoti kabisa ili macho yao yawe sawa. Bibi alimshika mkono, ule mkono mkubwa wa kipa wenye vidole vilivyovunjika na kuungwa vibaya, akaufunika kwa yake miwili.

"Kesho watu elfu ishirini watakuwa wanakutazama," alimwambia. "Unaogopa?"

"Sana, bibi. Tangu Jumatano sijalala. Naogopa nitawaangusha wote."

Bi Kosugi alitikisa kichwa taratibu, akampigapiga mgongoni mwa kiganja.

"Sawa," alisema. "Hilo sitaliandika."